Adabu za Maalim Saif na Maswali ya Ummukulthum

Mtaani kwetu Kibokoni, maumivu peke yake hayatoshi kukupatia dawa. Sharti uyatolee ushahidi. Yalianza lini? Yaanzia wapi na yaishia wapi? Ukilala yapungua au yazidi? Umemeza nini, na aliyekupa ni nani? Ndivyo afanyavyo Ummukulthum, mwenye duka la dawa linalotazamana na cherehani yangu. Watu humwita Bi Maswali, ingawa hajazaliwa wa kumwita hivyo mbele yake.

Mimi ni Fahmi, mshona kanzu. Mwaka wa tisa huu nautazama mlango wa duka lile, na nasema bila kuficha: mwanzoni nilimwona hana akili ya biashara. Nilikwenda kwake shingo imekaza, siwezi hata kugeuka kumtazama mteja, nikataka dawa. Akaniuliza maswali kumi na mawili, niliyahesabu. Kisha akavuka barabara, akaitazama meza yangu, akaniambia niiinue kwa matofali mawili na niwe nasimama kila nikimaliza mkono mmoja wa kanzu. Dawa hakuniuzia. Nilimnunia wiki nzima. Wiki ya pili shingo ikawa inageuka vizuri, na hasira yangu ikakosa pa kushika.

Basi mimi afadhali. Muulizeni Dishon. Huyu ni dereva wa lori kule Shimanzi, mtu wa bara, amepanga chumba nyuma ya nyumba ya Maalim Saif. Siku moja alikuja ameinama, mkono kiunoni, akataka sindano, tena ile kali kabisa.

"Maumivu yashuka mguuni?" Ummukulthum akamuuliza.

"Yanashuka, dada. Mguu wa kulia, mpaka kisiginoni."

"Mguu wafa ganzi? Mkojo watoka sawasawa?"

"Dada, mimi nimekuja kutafuta sindano, sikuja kutafuta mchumba."

"Nijibu, kaka."

"Hakuna ganzi. Mkojo uko sawa."

"Haya, geuka."

Dishon akageuka. Mfuko wa nyuma wa suruali ulikuwa umevimba utadhani ameficha mkate. Ilikuwa pochi. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za mizani za miaka mitatu, picha za pasipoti za alipokuwa bado na nywele, na kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa yuko kidato cha pili. Mzigo huo Dishon alikuwa akiukalia kwa tako moja saa kumi kwa siku, toka bandarini mpaka bara na kurudi. Ummukulthum akamwambia aitoe pochi, akamwonyesha namna ya kuunyoosha mgongo, akampa parasetamoli za siku tatu, na akamwonya kwamba mguu ukifa ganzi aende hospitali upesi.

Dishon alitoka akifoka. Akaenda duka jingine, akanunua vidonge vyekundu alivyovitaka mwenyewe. Lakini pochi aliitoa, eti kwa kujaribu tu, na mgongo ukapoa kabla hajafungua pakiti ya pili. Vidonge vilivyobaki akaviweka kabatini. Ndivyo tulivyo. Dawa haitupwi.

Sasa niwaeleze Maalim Saif. Amefunza Kurani watoto wa mtaa huu miaka arubaini, nami na Ummukulthum tukiwemo, tulikaa mkeka mmoja. Bakora yake ilikuwa fupi lakini ilifika. Mtu mwenye adabu kuliko yeye mimi sijamwona Mombasa nzima. Paka akilala mlangoni kwake, Maalim humzunguka. Baada ya Ramadhani iliyopita goti lake la kushoto likaanza kumuuma. Likavimba, kusujudu ikawa tabu, na habari zikaenea.

Kwetu mgonjwa hazuriwi mikono mitupu. Zamani tulichukua machungwa. Siku hizi kila mtu huenda na kidonge kilichomponya yeye. Bi Mwanakuu wa nyumba ya pembeni alikwenda na vya manjano, alivyoletewa na bintiye kutoka Maskati. Dishon akatoa vyake vyekundu kabatini. Nami, msinicheke, nilikwenda na kumi vya rangi ya waridi, alivyoniachia shemeji yangu. Wako na wengine, sitawataja, wanajijua.

Na Maalim hajui kukataa. Kwake yeye, kitu cha mgeni hakirudishwi, wala hakiwekwi kando mgeni angali ameketi, asije akadhani kimedharauliwa. Kwa hiyo kila aliyeingia na kidonge alimezewa kidonge chake papo hapo, kwa gilasi ya maji, na kuombewa dua. Nilimwona kwa mato yangu akimeza changu. Akasema, "Allah akulipe kheri, Fahmi," nami nikatoka pale nimejaa furaha kama niliyejenga msikiti. Sikumuuliza hata swali moja.

Kwa Ummukulthum hakwenda. "Mtoto yule auliza sana," alituambia, nasi tukacheka, tukakubali.

Alikuja Jumatatu moja asubuhi. Nilimwona akitokea kwa mbali, mkono ukutani. Kutoka kwake mpaka dukani si mwendo wa kusimama, naye alisimama mara mbili. Nikaiacha cherehani, nikamshika mkono, tukaingia pamoja. Ndani alikuwako Bi Mwanakuu akinunua dawa ya kikohozi.

Ummukulthum alitoka nyuma ya meza ya kioo, akainamisha kichwa kama mwanafunzi. Kwetu maumivu hungoja salamu zimalizike.

"Wa aleikumu salaam, Maalim. Waonaje hali?"

"Alhamdulillahi, njema."

"Na goti?"

"Alhamdulillahi."

"Walala vizuri? Wala vizuri?"

"Vizuri, alhamdulillahi. Na wewe? Watoto? Mamako?"

"Wote wazima. Basi nikusaidie nini, Maalim wangu?"

"Nataka dawa ya kuongeza nguvu, mwanangu. Nikisimama naona duniya yazunguka."

Ummukulthum akabadilika uso. Akamwomba avute chini ukope wake mwenyewe, kwa kuwa yeye hawezi kumgusa. Ndani ya ukope palikuwa peupe. Akamtazama viganja, navyo vyeupe. Akanipa mashine ya presha nimvishe mimi. Presha ilikuwa chini, na moyo ulikuwa ukipiga mia na ishirini kwa dakika, mtu ameketi kitini.

"Maalim, wameza dawa gani?"

"Za watu."

"Watu gani?"

"Watu wema."

Kututaja hakututaja, Mungu amhifadhi. Alitia mkono mfukoni mwa kanzu akatoa leso, akaifungua juu ya kioo. Vilikuwamo vidonge vya rangi zote, vile vya ziada, alivyoachiwa baada ya kumeza cha heshima. Ummukulthum akavipanga, akasoma mgongoni mwa kila pakiti, midomo ikimcheza.

"Hivi vyote ni dawa moja," akasema polepole. "Vyote diklofenaki, dawa ya maumivu. Rangi ndizo mbalimbali. Kwa siku wameza vingapi?"

Maalim akafikiri. "Yategemea wageni," akajibu.

Bi Mwanakuu akaanza kuisoma dari. Mimi nikavitazama vya rangi ya waridi, navyo vikanitazama.

Hapo ndipo lilipokuja swali, na swali lile lilikuwa zito kuliko yote aliyowahi kuuliza katika duka lile. Ummukulthum alitaka kujua choo cha Maalim kina rangi gani. Nani atamuuliza mwalimu wake wa chuo cha Kurani jambo kama hilo? Akaashiria pazia la kichumba cha nyuma. "Maalim, tafadhali, tuzungumze huku ndani."

"Wawili peke yetu? Hapana, mwanangu. Si sawa."

"Basi Fahmi na Bi Mwanakuu watoke."

"Wakitoka tutabaki wawili papa hapa."

Ni kweli. Tukitoka ni kosa, tukibaki tutasikia. Tukabaki. Ummukulthum akajaribu kwa mbali: "Maalim, haja... ile haja... yaenda vipi?"

"Haja zote zi kwa Mwenyezi Mungu."

"Amin. Nakusudia tumbo."

"Alhamdulillahi, salama."

Akachukua karatasi, akaandika, akampelekea. Maalim akajipapasa mifuko. Miwani ameiacha nyumbani. Akanipa mimi ile karatasi. "Fahmi, nisomee."

Nikaisoma kimya. Masikio yakaniwaka moto. Mbele yangu alikuwa mtu aliyenifunza herufi ya kwanza, na niliyotakiwa kuyasoma siwezi kuyasema hata kwa mke wangu. Nikairudisha karatasi, nikasema, "Maandishi ya watu wa dawa hayasomeki, Maalim." Nilikuwa mwoga, na sikatai.

Maalim akatabasamu, akashika ukingo wa meza, akataka kuinuka. "Basi nipe ile ya nguvu, mwanangu, niende zangu. Wasiningojee watoto chuoni." Magoti yakamsaliti, akaketi tena. Jasho jembamba lilikuwa limemtoka usoni.

Ummukulthum akapiga kofi juu ya kioo, vidonge vikaruka.

"Maalim Saif! Wewe ndiwe uliyenifunza kuwa anayeulizwa la haki asifiche! Nakuuliza kwa haki ya uhai wako: choo chako ni cheusi au si cheusi?"

Nje, mwenye mkokoteni wa maji alisimama na mitungi yake akachungulia ndani. Bi Mwanakuu alijifunika uso kwa buibui. Maalim aliinamisha mato, akatazama mikono yake muda mrefu.

"Cheusi," akasema. "Kama lami. Leo siku ya tatu."

Ummukulthum hakungoja. "Tumbo lavuja damu ndani, Maalim. Dawa hizi ndizo zilizolitia kidonda. Hapa dukani sina tiba yake. Fahmi, tuktuk!" Nilikimbia kama mtoto. Niliporudi alikwisha kuandika barua ya daktari na kuvifunga vidonge vyote katika mfuko, vikaonyeshwe. Tulimpakia Maalim, naye huku akipakiwa alikuwa akimpa salamu mwenye mkokoteni.

Hospitali walimpitishia mpira wenye kamera, wakakiona kidonda, wakakiziba. Lakini damu aliyopoteza ilikuwa nyingi, wakatuambia tutafute watu wa kutoa. Habari zikafika mtaani, na waliokuja ni wale wale waliompelekea vidonge. Dishon aliliacha lori Shimanzi akaja na nguo za kazi. Muuguzi alimuuliza maswali ukurasa mzima, ameugua nini, amemeza nini, na Dishon, yule aliyesema hakuja kutafuta mchumba, aliyajibu yote moja moja kwa sauti ya chini. Mimi nililala kitanda cha pili, nikiitazama damu yangu ikijaa mfukoni, na nilitamani ingewezekana kutoa zaidi.

Jioni nilipita dukani. Ummukulthum alikuwa ameketi nyuma ya meza, taa hajawasha, analia.

"Nimempigia kelele mwalimu wangu mbele ya watu," akasema. "Neno lile, Fahmi! Mbele ya Bi Mwanakuu! Akifa leo, afa hajaniradhia."

"Na mimi? Mimi nilimpa vile vya waridi."

Akaniinulia uso. "Vingapi?"

"Kumi."

"Ulimuuliza kama ana vidonda vya tumbo?"

"Sikumuuliza."

Nilingoja anitukane. Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi.

Siku tano hakukanyaga hospitali. Kila asubuhi alipiga simu wodini kuuliza presha ya Maalim, mapigo yake, amekula nini, hata wauguzi wakaijua sauti yake wakawa wanaikimbia. Lakini kwenda, aliogopa. Kwetu radhi ya mwalimu ni kama radhi ya mzazi, ukiikosa utaitafutia wapi? Siku ya sita nilifunga cherehani, nikamwambia kama haendi nitambeba, na watu waseme watakalo. Akavaa buibui, akaja nyuma yangu kimya njia nzima.

Ilikuwa saa ya kuzuru wagonjwa. Wodi ya wanaume ina vitanda vinane, na kila kitanda kilikuwa na ukoo wake na birika lake la chai. Maalim alikuwa ameketi, mgongo kwenye mto, rangi imeanza kumrudi usoni. Nilimpa mkono, tukasalimiana salamu zote, za nyumba, za mtaa, mpaka za cherehani. Kisha akatazama nyuma yangu, mlangoni.

"Nani yule aliyesimama?"

"Ni Ummukulthum, Maalim."

Ummukulthum akasogea hatua mbili, mato chini, vidole vikisokota ncha ya mtandio. "Maalim," akaanza, "nimekuja uniwie radhi, nilikukosea adabu mbele ya—"

Maalim akainua mkono kumkatiza. Nikaona ile haya niliyoiona dukani ikimjia tena usoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, koo nzima zile na mabirika yao. Akavuta pumzi. Kisha, kwa ile sauti aliyokuwa akituitia chuoni tukiwa tumekimbilia mbali, mpaka kitanda cha nane wakageuka, akasema:

"Ummukulthum! Leo ni cha kahawia!"

Ummukulthum alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtetemeka, sikujua acheka au alia. Alipoufunua uso, machozi yalikuwa yamemjaa, na bado hayajakauka alikwisha kumsogelea kitandani.

"Mara ngapi, Maalim?"

"Mara moja," Maalim akajibu, "baada ya alfajiri."