Nyuzi Nane, Kadi Moja

Ofisini walimwita Mpole, kwa kuwa hata kompyuta ikimgomea aliiomba radhi. Aliandika programu za Python za kusafisha picha kuukuu za wateja. Alikuwa bado kwenye majaribio, ila mkewe, mwepesi wa furaha, alikwisha kumtangazia mama yake kwamba mumewe ameajiriwa moja kwa moja.

Ofisi nzima ilikuwa na kadi moja ya michoro, ile inayobeba hesabu nzito za picha. Bosi akaamuru programu igawanywe nyuzi nane, yaani mikondo minane ya kazi, zifanye kazi kwa pamoja. "Umoja ni nguvu!" alisema. Basi kila uzi ukaing'ang'ania kadi na kuipakia mzigo wake wote. Kumbukumbu ya kadi ikafurika, programu ikaanguka chali. Bosi akashauri nyuzi kumi na sita.

Mpole hakubishana. Aliteua uzi mmoja tu uiguse kadi. Zile saba zikawa zinafungua picha na kuzipanga foleni. Ndipo picha zikaanza kutoka, nyuso za marehemu zikirudiwa na macho.

Bosi akaja, akatazama taa nane kwenye skrini, kila uzi na taa yake. Moja ya kijani, saba za njano.

"Hizi saba zina nini?"

"Zimeshafungua picha, zinasubiri zamu, bosi."

"Zinasubiri! Kwangu hapa? Kesho wenye mtaji wanakuja. Wakikuta taa moja ndiyo inayohangaika, mkataba wako sahau."

"Lakini kazi inakwenda, bosi."

"Inakwenda, sawa. Mbona haionekani?"

Akaondoka. Mpole akabaki ameshika tama, akimfikiria mama mkwe. Punde viatu vya bosi vikalia tena koridoni, na chumba kizima kikafufuka: mhasibu akapekua karatasi, aliyesinzia akaongea na simu iliyozimwa, jirani yake akachapa kibodi kama mvua juu ya bati. Viatu vikapita. Mikono yote ikatulia.

"We Mpole, unacheka nini?" jirani akanong'ona.

"Nimezipatia nyuzi zangu walimu."

Mstari mmoja wa programu ulitosha: uzi unaosubiri uwashe taa ya kijani, tena imetamete. Foleni hakuigusa.

Kesho yake taa zote nane zilimetameta, wageni wakapiga makofi. "Mnaona? Ni kuzibana tu!" bosi akasema, akausaini mkataba wa Mpole palepale.

Mpole akaukunja, akautia mfukoni, akaketi. Picha zilikuwa zimekwisha zote. Koridoni viatu vikalia. Akavuta kibodi, akaanza kuchapa.