Shangazi wa Upande wa Mama

Mwimbaji wetu alipokufa, redio ilimpa dakika mbili. Nilikuwa nimekaa barazani kwetu Ujiji, mtoto mdogo yuko kifuani ananyonya, nachambua mchele kwa mkono mmoja, nikasikia jina lake likipita katikati ya bei ya saruji na matokeo ya mpira. Wakapiga wimbo wake mmoja, wakaukata kabla haujafika pale magitaa yanapochanganya. Nikamwambia mama, "Umewasikia? Wameukata." Mama alikuwa anasuka ukili. Aliinuka akaizima redio, na mama yangu si mtu wa kuzima redio.

Siku hiyo nilikasirika na kila mtu. Nilimkasirikia mtangazaji. Nilimkasirikia mume wangu, aliyeuliza, "Huyo naye nani?" halafu akaomba chai. Binti yangu wa miaka saba ndiye pekee aliyeuliza jambo la maana. "Mama, uliwahi kumwona kwa macho?"

Nilimwona. Mara moja tu, mchana mmoja, nikiwa na umri wa binti yangu huyu. Na sikumwona peke yangu. Nikamsimulia yote, mwanzo mpaka mwisho.

Mwaka ule vita vilikuwa ng'ambo, na watu walivuka ziwa kwa chochote kilichoelea. Mama alikuwa akianika dagaa ufukweni Katonga. Asubuhi moja alimkuta mwanamke amekaa mchangani karibu na dagaa wetu, ana bunda la nguo na kaseti moja ndani ya kasha lake, lenye picha ya mwimbaji amesimama na gauni refu la kung'aa. Mama, ambaye hajui kuzunguka maneno, akamwuliza, "Umekimbia vita ukabeba kaseti?"

Yule mwanamke akamwangalia. "Masufuria iko kila pahali, mama," akasema.

Hapo hapo wakawa marafiki. Mama alimleta nyumbani akampa chumba cha uani. Yeye alikuwa na kaseti bila redio, sisi tulikuwa na redio bila betri za maana, kwa hiyo tulizipeleka betri zetu Katonga, tukazianika juani pamoja na dagaa, zikarudi na uhai wa nyimbo mbili au tatu na harufu ambayo haikutoka tena kwenye redio ile. Alitufundisha kucheza. Alitufasiria maneno mstari kwa mstari, akisimamisha kaseti, na mahali penye maneno ya wakubwa alikohoa akaruka. Mama yangu, mtoto wa Ujiji aliyelelewa kwa kaswida na maulidi, baada ya wiki mbili alikuwa anapindua dagaa kwa mwendo wa kiuno. Majirani walisema. Mama akawaambia wakimaliza kusema waje wamsaidie kupindua.

Kisha wakimbizi wakaambiwa wote waende kambini. Akapanda lori na wenzake. Kaseti alituachia, akabaki na kasha lenye picha.

Mama akaanza kupeleka dagaa kwenye soko la jirani na kambi, upande wa Kasulu. Alisema biashara ya huko ni nzuri. Haikuwa nzuri. Alikwenda kumwona rafiki yake, na shule zikifungwa alinichukua na mimi.

Ndipo likapita gari la matangazo: mwimbaji anakuja Kigoma mjini, mwenyewe, na bendi yake. Enzi zile bendi zilikuwa na desturi: mchana onyesho la watoto, jioni la wakubwa. Mama wa heshima zake hawezi kuonekana ukumbini jioni. Lakini akimpeleka mtoto mchana, nani atasema neno? Kwa hiyo mimi nikawa kisingizio cha wanawake wawili. Wawili, kwa sababu mama alishaapa kwamba hatakwenda bila mwenzake.

Mwenzake alikwenda ofisini kambini kuomba kibali cha kutoka siku moja. Karani akamwuliza sababu. Angeweza kusema anaumwa, angeweza kusema amefiwa. Akasema anakwenda kumwona mwimbaji. Karani aliwaita wenzake waje wasikie. Kibali hakupata.

"Ungedanganya," mama alimwambia.

"Miye nimeshapoteza nyumba, nimepoteza mume, sikupoteza akili. Nikisema nimefiwa, na watu yangu wamebaki kule? Hapana."

Mama alimvalisha buibui lake la pili. Tatizo lilikuwa ulimi. Akifungua kinywa tu, hata mbuzi wa Kidahwe atajua ametoka ng'ambo. Basi mama akamfunga kanga kuanzia kidevuni mpaka utosini, akavimbisha shavu moja kwa pamba: mgonjwa wa jino, hawezi kusema. Nami nikapewa somo langu. "Ukiulizwa huyu nani wako, sema shangazi. Neno moja. Basi."

Tulipanda lori la maharage alfajiri. Kidahwe, njiani kwenda mjini, palikuwa na kizuizi. Askari alikuwa mtu mzima, mpole, amechoka na jua. Akamwamkia mama vizuri, akamwangalia mgonjwa, akampa pole. Mgonjwa akaguna vizuri sana. Askari alikuwa ameshageuka aende zake, akanitazama mimi nilivyokaa juu ya gunia nimevaa gauni la Idi.

"Mtoto mzuri, huyu nani wako?"

"Shikamoo. Shangazi."

"Marahaba. Ndiye dada yake baba, eh?"

Na mimi, ambaye baba yangu alikuwa hana dada hata mmoja na kila mtu mtaani alijua, nikaona uongo huo ni mkubwa mno. Nikasema, "Hapana. Shangazi wa upande wa mama."

Mzee mmoja nyuma akacheka, akajifanya anapiga chafya. Askari akavua kofia, akajikuna.

"Mama," akamwambia mama yangu, "angalau mngemfundisha huyu mtoto ukoo." Halafu akamwambia mgonjwa, kwa upole ule ule, "Shuka, dada. Jino litatibiwa huko huko kambini."

Alishuka. Alifungua kanga, akatoa pamba shavuni, akaitupa. Hakulia. Alisimama kando ya barabara na buibui lisilo lake, akitazama upande wa Kigoma, ambako hata mlima wa mwisho ulikuwa haujaonekana.

Mama naye akashuka. Sikuelewa. Nikaanza kushuka nikamkuta ananisukuma juu. "Wewe unakwenda." Akamwita jirani yetu muuza mawese aliyekuwa kwenye lori lile, akamwambia, "Nakuomba, mpeleke mpaka ukumbini, halafu umfikishe nyumbani." Kisha akanivuta sikio, si kwa kuniadhibu, ni kwa kunisogeza karibu.

"Umeharibu. Sasa utengeneze. Utamtazama kwa macho ya watu watatu. Usipepese."

Nililia mpaka Kigoma. Nilimchukia askari, nikamchukia mama kwa kuniacha, zaidi ya wote nilijichukia mimi. Muuza mawese alinipa ndizi, akaniambia kamasi zinaharibu gauni.

Lakini nilitazama. Watoto wenzangu walicheza, walisukumana, walikunywa soda. Mimi nilisimama mbele kabisa, nimeshika ukingo wa jukwaa. Mwimbaji alipotoka nilishtuka: alikuwa mfupi. Nikalishika hilo. Alikuwa na pengo dogo mbele. Nikalishika. Kiatu cha kushoto kilimbana, kwenye wimbo wa tatu akavivua vyote akavipanga pembeni vizuri, kama mtu anayeingia msikitini. Jasho lilimtoka shingoni kabla ya usoni. Alipoinama kuwapa watoto mikono alinigusa vidole, navyo vilikuwa vya baridi. Sikupepesa. Macho yaliniwasha siku mbili.

Wiki iliyofuata mama alinichukua mpaka sokoni, jirani na kambi. Rafiki yake alikuwa ananingoja, na nyuma yake wanawake kama kumi, wamekaa kwenye madumu na makopo. Nilijua nitatukanwa. Akanishika mashavu.

"Huyu ndiye," akawaambia wenzake. "Miye ndiye shangazi ya upande wa mama. Dunia nzima niko peke yangu." Wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Kisha akakaa chini, akaacha kucheka. "Sema. Yote. Usiruke."

Nikasema. Nilipofika kwenye ufupi, pakazuka ugomvi.

"Mufupi?" Akatoa lile kasha la kaseti, akaninyooshea. "Huyu mufupi? Mutoto, tazama hii miguu."

"Mimi nilimfika hapa," nikasema, nikaonyesha.

"Mtoto wangu ana makosa mengi," mama akasema, "lakini kupima anajua. Mfupi."

Akalitazama kasha muda mrefu, akakubali, polepole, kama mtu anayepewa habari za ndugu. "Basi mufupi," akasema. "Muzuri. Hata miye ni mufupi."

Akataka kujua viatu vilikuwa vya rangi gani. Akataka kujua kama aliimba kwa kufumba macho. Nilipomwambia habari za vidole, akachukua mkono wangu ule ule wa kulia, akaushika ndani ya mikono yake miwili, akaacha wanawake wengine wasogee, mmoja mmoja, waushike. Hakuna aliyecheka hapo. Mama naye alingoja zamu yake.

Watu wananiuliza kwa nini naongea vibaya wanapolalamika barazani kwamba wakimbizi wamejaa tena. Naongea vibaya kwa sababu karibu kila kizuri nilichonacho katika muziki, na nusu ya ninachokijua kuhusu kupenda kitu bila kuona haya, nilipewa na mwanamke aliyelala chumba chetu cha uani na baadaye akashushwa kwenye lori kwa kosa langu. Bado yuko kambini. Nimekuwa mkubwa, nimesoma mpaka kidato cha nne, nimeolewa, nimezaa mara mbili, na yeye bado anaomba kibali. Hilo sina namna ya kulisema kwa upole.

Jioni ya siku ile ya msiba alipiga simu. Nilijua ni yeye kabla sijapokea.

"Mumesikia," akasema.

"Tumesikia, shangazi. Redio imeukata wimbo."

"Wacha redio." Sauti yake imezeeka. Siku hizi video ziko kwenye simu, na wajukuu wa majirani wamemwonyesha zote, lakini anasema ndani ya video mwimbaji anaimbia watu wengine. "Nielezee," akasema. "Kuanzia alipotoka."

Nikaweka simu kwenye kipaza sauti, nikaiweka mkekani. Mama akasogea. Nikaanza: alitoka upande wa kulia, amevaa njano, ni mfupi. Nikapita kwenye pengo, nikapita kwenye jasho, nikafika kwenye wimbo wa nne.

"Viatu," binti yangu akasema.

"Viatu vipi?"

"Mama, umeruka. Alivua viatu wimbo wa tatu. Kushoto kinambana." Akainamia simu. "Bibi, ngoja nikuambie mimi."

"Sema, mwana," simu ikajibu. "Polepole."