Gathogo na Mlango wa Wakwe

Gathogo, fundi wa mazulia hapa Ruring'u, alikuwa na mikono mizuri na mdomo mwepesi. Kazi yake aliijua. Alipigilia vibao vyembamba vyenye misumari kandokando ya kuta, akalivuta zulia kwa goti mpaka likakazika kama ngozi ya ngoma, kisha akalinasa kwenye misumari ile. Kilichomshinda ni kusema ukweli akiwa na haraka.

Jumamosi hiyo alikuwa sebuleni kwa Mama Wamucii. Wakwe walikuwa njiani kutoka Kangema, wanaleta ruracio, yaani mahari, ya binti yake, Warigia.

"Fundi, umepima chini ya mlango? Zulia ni nene hili."

"Mama, niko na miaka kumi na tano kwa hii kazi. Nimepima."

Hakuwa amepima. Uongo wa neno moja ni uongo.

"Haya. Ukiniaibisha leo, hakuna nyumba Ruring'u utaingia na hiyo nyundo."

Mama akaenda kuangalia sufuria uani. Gathogo akaufunga mlango ili aifikie kona ya nyuma yake, akanasa zulia, akasimama kujisifu. Kisha akavuta kitasa. Mlango ulikuwa wa kufungukia ndani, na sasa zulia lilikuwa limeuzuia. Akavuta tena. Madirisha yote yalikuwa na vyuma.

Nje, kina mama wa Kangema wakaanza kuimba.

Kwa desturi, wageni wa ruracio huimba kuomba kufunguliwa, na wenyeji hujivuta kwa makusudi. Kwa hiyo mlango ulipokataa, wageni walifurahi. Waliimba wimbo wa pili. Waliimba wa tano. Mzee Wamae, msemaji wao, akafuta jasho.

"Hawa watu wanashika mila kweli!"

Mama Wamucii alizunguka kutoka uani, akatabasamu kwa wageni, akainama kwenye tundu la ufunguo. "Gathogo! Fungua!"

"Mama, waambie waongeze wimbo mmoja."

Akachukua nyundo, akagonga pini za bawaba, ya chini, kisha ya juu. Mlango ukamwangukia mzimamzima. Kina mama wakaingia wakicheza juu ya ubao, na Gathogo chini yake.

"Na hii ni mila ya wapi," Wamae akauliza, "kukanyaga mtu?"

Mama Wamucii akafungua mdomo. Angeweza kusema ni desturi ya ukoo wao, na wageni wangeamini. Gathogo akamwahi kutoka chini.

"Si mila, mzee. Ni mimi. Nilisema nimepima mlango, na sikupima."

Kisha Wamae akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Mazungumzo yakaendelea sebuleni, Gathogo akipiga randa mlango uani. Kila wazee walipokwama kwenye idadi ya mbuzi, Wamae alipaaza sauti: "Fundi, hebu punguza na huku kidogo!"

Jioni Mama Wamucii alimpelekea sahani ya nyama.

"Jumatatu uende kwa Kabura, anataka zulia. Utaanza na nini?"

"Mlango, Mama."

"Sema tena."

"Mlango."