Kuskusi Juu ya Paa la Kocha

Asubuhi ile Mbarka aliamka kabla yangu, kama siku zote. Nilisikia maji yakimiminwa kwenye karai juu ya paa. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa tisa. Kesho yake timu yetu ilikuwa inacheza mechi ya kwanza ya nyumbani katika ligi kuu, na yeye alikuwa anafua jezi.

Aliposhuka, vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Tukala mkate na mafuta ya zeituni. Akaniuliza kama nimemeza dawa ya kifua. Nikasema nimemeza. Sikuwa nimemeza, na alijua. Akanisogezea kidonge na glasi ya chai, basi. Kisha akapanda tena kugeuza jezi, kwa sababu upepo ulikuwa unatoka upande wa mgodi.

Adhuhuri alisema anajinyoosha kidogo. Hakuamka.

Mke wangu alifua jezi za Nyota ya Mgodi miaka ishirini na sita. Wengi waliokuja kumzika walimjua kwa hilo, basi nianzie hapo.

Alianza mwaka ule mtoto wetu Anis alipokuwa anachezea timu ya vijana. Mwanamke aliyekuwa akifua alihama, wakatuletea gunia la jezi mlangoni wakasema ni kwa wiki moja tu. Anis akaacha mpira, akavuka bahari, sasa yuko Marseille anapaka rangi nyumba za watu. Gunia likaendelea kuja. Vumbi la fosfeti halikiachi kitu cheupe katika mji huu, na jezi zetu ni nyeupe. Klabu ilinunua mashine ya kufulia mara moja. Ilisaga mchanga mwezi mmoja ikafa. Mbarka alisema tu, "Niliwaambia."

Makocha walikuja wakaenda. Wabaya tuliwafukuza wenyewe, wazuri walichukuliwa. Ndivyo mji wetu ulivyo. Fosfeti inapanda treni inakwenda pwani. Vijana nao pwani. Kocha akishinda mechi tano mfululizo, simu inalia, naye pwani. Unachoka kupenda mtu.

Kocha Lamjed alikuja miaka mitatu iliyopita. Alipanga nyumba tuliyopakana nayo ukuta kwa ukuta, mbele ya mkahawa, yeye na mkewe Raudha na binti yao mdogo, Mayar. Makocha wengine walikuwa wanamtuma mtu akalitupe gunia mlangoni. Yeye alilibeba mwenyewe mpaka juu ya paa, na kila jezi ilikuwa imegeuzwa vizuri, soksi zimefungwa mbili mbili. Mbarka akanambia jioni ile, "Huyu kalelewa."

Mwezi wa tano mwaka jana tukapanda ligi kuu. Mji wetu haukuwahi kufika huko. Mbarka hakuwahi kukanyaga uwanjani. Alisikiliza redio pale pale juu ya paa, na kelele za uwanja zilimfikia kabla ya redio. Siku ile aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akanambia anataka kufua jezi za mechi moja ya ligi kuu akiwa na kocha huyu. Hakuwa mtu wa kutaka vitu. Nililiweka moyoni.

Kufika mwezi wa sita, klabu moja kubwa ya pwani ikamfukuza kocha wake. Kuanzia hapo mkahawani hapakukalika.

Kila siku walikuwapo Mongi kinyozi, ambaye mwenyewe hana hata unywele mmoja, na Lazhar anayeendesha treni ya fosfeti. Lazhar kila akirudi pwani alirudi na habari mpya.

"Wameshamtafutia nyumba," alisema siku moja. "Ina bustani."

"Wewe unaendesha treni ya mawe," Mongi akamwambia. "Hiyo bustani umeiona ukipitia wapi?"

"Nimeambiwa na mtu."

"Na wiki iliyopita mtu huyo huyo alikwambia kocha keshasaini. Mwambie mtu wako apumzike, na sisi tupumzike."

Lakini hakuna aliyepumzika. Mongi alimkata mteja sikio wiki ile.

Kwetu, mwezi wa nane kila nyumba hutengeneza kuskusi, punje za unga wa ngano, ya kula mwaka mzima. Wanawake huifikicha kwa viganja, huipika kwa mvuke, kisha huianika kwenye shuka juu ya paa mpaka iwe kama changarawe. Anayekaa msimu wa baridi anaanika. Anayehama haaniki, kwani ataanikia nani. Makocha wote tulikuwa tunawasoma hivyo. Viongozi wa klabu walisema walichosema, sisi tuliangalia paa. Raudha alianika miaka miwili, yeye na Mbarka pamoja, wakicheka huko juu. Mwaka jana mwezi wa nane ukaingia, ukafika wiki ya pili, paa lake tupu.

"Mzee Tahar," Mongi akanambia, "wewe na kocha mnatenganishwa na ukuta tu. Mwambie mama Anis amuulize mkewe."

Nikamwambia Mbarka. Alikuwa anachambua pilipili.

"Siulizi," alisema. "Raudha akienda sokoni anaulizwa. Akienda kuoga hamamu anaulizwa. Aje kwangu kukaa kidogo, nami nimuulize?"

"Mimi pia nataka kujua."

"Hata mimi, Baba Anis. Siulizi."

Jumatatu ya wiki ya tatu kuskusi yetu ilikuwa tayari kuanikwa, na paa letu limejaa jezi mpya za msimu zinazochuruzika maji. Mbarka akaazima ufunguo wa paa la Raudha. Alfajiri tukapandisha shuka tano, yeye mbele, mimi nyuma na magoti yangu haya. Tukatandaza. Tukashuka. Mkahawa ulikuwa bado umefungwa.

Saa mbili nilikuwa nimekaa mahali pangu mkahawani. Mongi akaingia, akachukua kikombe, akainua macho. Hakunywa.

"Lazhar," alisema taratibu. "Unaona ninachokiona?"

"Naona shuka."

"Shuka zina nini?"

Lazhar akasimama. Mkahawa mzima ukasimama.

"Tano," Mongi akasema. "Huo ni mwaka mzima, ndugu zangu. Mwaka mzima na wageni wake. Lazhar, leo ukifika pwani waambie ile bustani wafugie kuku."

Watu wakakumbatiana. Mwenye mkahawa akaleta chai ya bure kwa kila mtu. Ikaja na mbele yangu. Nilitakiwa kusema neno moja. Niliangalia nyuso zao. Lazhar alikuwa anafuta macho kwa kofia, na yule ni mtu aliyezika baba yake macho makavu. Nikanywa chai.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Mbarka. Alikuwa anapepeta unga uliobaki.

"Umewaambia ni yetu?"

"Sikuwaambia."

"Na chai yao umekunywa."

"Nimekunywa."

Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka. Akajifunga shuka yake akatoka, mikono bado ina unga.

Mwanamke wa kwetu haingii mkahawani. Alisimama kizingitini.

"Kuskusi ile ni yangu," alisema. "Paa langu limejaa jezi zenu. Nimeazima lao."

Mongi akacheka kidogo. "Mama Anis, umekuja kututania."

"Niache kazi yangu nije kukutania wewe, Mongi? Na upara huo?"

Wachache wakacheka, wakaacha.

"Sasa kocha anakaa au anaondoka?" Lazhar akauliza.

"Sijui. Na ninyi hamjui. Nimekuja kusema hilo tu."

Akaondoka. Nilikuwa nimemfuata, nikabaki nimesimama pale kama mtu aliyesahau alichokuja kununua. Mongi alizungusha kikombe chake mara kadhaa.

"Kuskusi ni kuskusi," alisema mwishowe. "Imelala juu ya paa lake au haikulala?"

"Imelala," mtu akajibu.

"Basi."

Baada ya alasiri watu wakaanza kumpelekea kocha vyakula vya akiba, ili mwaka wake ukamilike. Dumu la mafuta ya zeituni. Mashada ya pilipili kavu. Tende. Mjane mmoja wa mchimbaji alileta nyama iliyokaushwa kwa chumvi, nayo ndiyo ilikuwa akiba yake yeye. Waliviweka mlangoni bila kubisha hodi.

Lamjed alikuja kwetu kabla ya magharibi. Alikuwa amekumbatia dumu la mafuta kama mtu aliyeokota mtoto wa wenyewe.

"Shangazi," alimwambia Mbarka, maana ndivyo alivyomwita, "mlango wangu haufunguki."

"Niliwaambia, mwanangu. Hawakutaka kusikia."

Akaketi. Akaweka dumu katikati ya miguu yake. Akasema pwani wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Akasema hajamwambia mtu, kwa sababu mwenyewe hajui. Daktari kasema kifua cha Mayar na vumbi hili haviendi pamoja. Halafu kuna wale wachezaji, na wale watu wa mkahawani, na mechi ya kwanza mwezi ujao.

"Niambie nibaki," alimwambia Mbarka. "Ukiniambia wewe, nabaki."

Mbarka alikuwa anakunja jezi. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Nilitaka aseme. Nilijua alichokuwa anakitaka tangu ile siku ya ndoo, na sasa kilikuwa kimeletwa mpaka mkekani. Nilikaribia kusema mimi.

"Usinitwishe hilo," alisema. "Nikikwambia ubaki, yule mtoto akikohoa usiku nitakayemsikia ni mimi. Kitanda changu kiko ukutani kwenu."

Lamjed akainamisha kichwa. Mbarka akamletea chai, akamuuliza soksi za mlinda mlango zimepotelea wapi. Wakazungumza habari za soksi mpaka adhana.

Ijumaa lori dogo likasimama mbele ya mkahawa. Mongi alifunga duka lake na hakuonekana. Lazhar alivuka barabara akasaidia kupakia kabati, bila salamu. Lamjed alitaka kurudisha dumu na pilipili na nyama kwa wenyewe. Mbarka akamkataza.

"Vimetolewa vikaliwe. Kwani pwani hamli?"

Kisha akaniambia nishushe kuskusi. Nilidhani anataka kuiingiza ndani. Alitaka nusu yake iende kwenye lori.

Kocha mpya alikuja baada ya siku kumi, kijana wa mji mkuu mwenye miwani. Si mtu mbaya. Gunia likarudi kutupwa mlangoni, jezi nje ndani, soksi moja moja. Mbarka akakaa anazigeuza mwenyewe. Nikamuuliza anamwonaje huyu. Akasema bado hajamtazama, macho yanauma.

Ndipo ikaja ile Jumamosi.

Jezi nilizianua mimi jioni, huku wanawake wanalia chini. Zilikuwa zimekauka, na vumbi lilikuwa limeshaanza kuzishika kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuzigeuza. Sikujua kuzikunja. Mongi alikuja kuzichukua. Alisimama mlangoni na gunia, kisha akaketi sakafuni akazikunja upya, moja moja, kama taulo za kinyozi. Klabu iliomba mechi isogezwe, wakakataliwa. Tulifungwa mbili bila. Naambiwa mwanzoni uwanja ulikaa kimya dakika nzima. Mimi nilikuwa makaburini.

Siku ya tatu ya matanga Lamjed akafika. Aliendesha gari kutoka pwani tangu usiku. Akaingia mahali walipokaa wanaume, na hakuna aliyejua amkaribishe vipi. Mongi akasogea kwenye mkeka, akampa nafasi, akammiminia kahawa.

"Mtoto anakohoa bado?" alimuuliza.

"Hapana," Lamjed akasema.

"Afadhali."

Walikaa bega kwa bega mpaka jua likageuka.

Jezi sasa anafua mke wa Lazhar. Timu inashuka daraja, huenda, bado mechi mbili. Mkahawani wanabishana kama kocha huyu mpya atachukuliwa au atafukuzwa. Nasikiliza. Sina la kuongeza.

Kuskusi ile naila bado. Tulitengeneza ya watu wawili. Nusu ikaenda pwani, na nusu ikabaki na mimi peke yangu. Huu ni mwezi wa sita na sijafika chini ya gunia lake. Mezani huwa nasahau, naweka vijiko viwili.

Siku ile ya lori nilimkasirikia. Nilimvuta pembeni nikamnong'oneza kwamba hatuna mtoto karibu wa kutuletea chakula, kwamba nusu haitatufikisha hata mwezi wa pili, kwamba kocha wa pwani anaweza kununua kuskusi dukani. Yeye alikuwa amepiga magoti anafunga mdomo wa gunia kwa kipande cha kamba ya kuanikia jezi. Hakuinua kichwa.

"Itatosha," alisema. "Wewe kula polepole."