Begi la Kumpeleka Susu Kilungu

Mwanangu, kila nikivaa begi hili la kijani mgongoni, ipo siku moja inayonirudia. Nakumbuka tulikuwa sokoni Gikomba, mimi na Susu, asubuhi baada ya mvua, tope limefika kwenye vifundo vya miguu. Susu ndiye nyanya yangu aliyenilea. Kwetu Ukambani nyanya huitwa hivyo, nawe ungemwita hivyo hivyo kama ungemkuta.

Tuliishi Pumwani, chumba kimoja, tangu mama yangu alipofariki nikiwa ningali mdogo. Babu alikuwa mchonga vinyago. Yeye akichonga, Susu alivisugua kwa msasa na kuvipaka rangi ya viatu hadi ving'ae. Babu alipokufa, Susu aliendelea kusugua vinyago vya wachongaji wengine, mpaka magoti yake yakakataa kukaa chini. Mwaka ule nilikuwa nimeanza kuwa msichana mkubwa, nimepata kazi ya kukunja nguo katika kiwanda kimoja. Ndipo aliponiambia kwamba anarudi kwao Kilungu kukaa na dada yake Kalondu, ambaye macho yake yalikuwa yamezima na aliishi peke yake juu mlimani. Hakusema anaenda kutembea. Alisema anarudi.

Gari lingetufikisha mwisho wa lami, na pikipiki ingetufikisha kwenye kijito. Kutoka pale hadi kwa Kalondu ni njia ya miguu inayopanda, mawe na mizizi mitupu. Susu hangeweza kubeba kitu. Kwa hivyo lilitakiwa begi moja la mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa wangu.

Pale Gikomba mabegi ya mitumba huning'inizwa yakiwa yamejazwa magazeti makuukuu ili yaonekane yamenona. Mimi langu nililiona kutoka mbali. Lilikuwa dogo, la rangi ya waridi, mikanda yake myembamba, na zipu yake ina kishada cha manyoya. Wasichana wa mtaani kwetu walikuwa na mabegi kama hilo. Nikalivaa, nikageuka mbele ya Susu.

"Hiyo imekutoa fiti, sistee," muuzaji akasema. Alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu na maneno mengi. "Shosho, mwambie. Hiyo ni kamera." Kamera, kwa lugha yao, ni mtumba wa daraja la kwanza.

"Mimi si shosho, ni susu," akamjibu. "Na kamera siioni, naona magazeti. Yatoe."

"Nikiyatoa italegea, susu."

"Basi acha tulione likilegea."

Kijana akacheka, akayatoa. Susu akafungua kikapu chake. Tulikuwa tumetoka kununua unga, sukari na sabuni ya mche ya kumpelekea Kalondu. Akavitia vyote ndani ya lile begi, akaongeza leso yake. Chupa ya maji haikupata pa kukaa, maana begi halikuwa na mfuko wa pembeni.

"Sasa unahamia humo ndani?" kijana akauliza.

"Nikihamia nitakuletea kodi." Susu akanigeukia mimi. "Mwende, vaa, utembee."

Unavyonijua mimi, mwanangu, ni mtu wa haya. Nilitembea hadi kwa muuza viatu nikarudi, kichwa nimeinamisha. Akaniambia niruke mtaro, nikaruka. Akaniambia niiname kama mtu anayefunga kamba za viatu. Nilipoinama begi likateleza kutoka mgongoni, likanipita shingoni na kunigonga kisogoni.

"Imekuchapa kofi, sistee," kijana akasema, na wauzaji wawili watatu wakacheka.

Mikanda ilikuwa imeshaanza kunikata mabegani. Hata hivyo nikasema, "Liko sawa, Susu. Nalitaka hili."

Susu akanishika mkono, akanivuta kando, penye marundo ya makoti. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Blanketi langu litakaa wapi humo?"

Nikavuta mikanda ya begi.

"Na sufuria? Na Biblia ya babu yako? Mwende, niangalie. Unataka begi dogo ili vitu vibaki. Na vitu vikibaki, mimi nirudi kuvifuata."

Niliangalia tope. Jambo hilo sikuwa nimejiambia hata mimi mwenyewe, lakini aliposema nililijua kuwa ni langu. Mtu mzima aliyekulea huona mawazo yako yakiwa bado yanavaa viatu.

"Begi dogo halimzuii mtu kwenda," akasema. "Linamfanya aende bila blanketi tu."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Tukarudi kwa yule kijana, naye Susu akaanza kushika mabegi mengine moja moja. Hakuangalia rangi. Alivuta mikanda pale inaposhonwa juu, kwa nguvu, kama mtu anayejaribu kamba ya ng'ombe. Alibonyeza sponji ya mgongoni kwa kidole gumba aone kama inarudi. Alifunga na kufungua zipu mara nyingi hadi kijana akamwambia, "Susu, hiyo zipu utaimaliza kabla hujailipia."

"Ikiisha leo, si afadhali iishe ikiwa yako?"

Mwishowe akatoa hili la kijani. Wala si kubwa sana. Lile kubwa kabisa alilikataa, akasema begi kubwa humdanganya mtu akatia hata asichohitaji, kisha mgongo ndio unaolipa. Hili lilikuwa na mikanda mipana yenye sponji, mkanda mwembamba wa kufungia kifuani, na mifuko miwili ya pembeni. Akalijaza vitu vile vile, mimi nikatembea, nikaruka, nikainama. Likakaa mgongoni kama mtoto aliyeshiba.

Siku ya safari liliingia kila kitu. Susu alinionyesha namna ya kulipanga, blanketi chini, vizito juu karibu na mgongo, Biblia ndani ya leso ili kona zake zisinidunge. Chakula na maji pembeni.

Tulipoanza kupanda kutoka kijitoni ndipo nilipoelewa alichokuwa akikitafuta kule sokoni. Njia ilikuwa mbaya kuliko nilivyoikumbuka. Kila hatua Susu alihitaji mtu wa kumshika, mara kwa kiwiko, mara kiunoni, na penye jiwe kubwa kwa mikono yote miwili. Kama ningekuwa nimebeba kikapu, au begi la kuteleza ambalo kila saa lazima ulivute, angeanguka. Mzigo ulikuwa mgongoni, umetulia, na mikono yangu ilikuwa yake. Sikuwa nimemshika nyanya yangu kwa muda mrefu namna ile, tangu nilipokuwa mtoto wa kubebwa. Nilitamani mlima ule uendelee.

Tulipokaribia, Kalondu alikuwa amesimama mlangoni, uso ameuelekeza upande wa njia.

"Nani huyo anayeburuta miguu kwangu?" akauliza.

"Ni mimi, na mjukuu wangu Mwende."

"Umezeeka, dada yangu. Zamani ulikuwa ukipanda hapa ukiimba."

"Na wewe zamani ulikuwa ukitoka kunipokea, si kusimama mlangoni kama chifu."

Wakacheka, wakashikana, na kicheko kikageuka kilio katikati, kama inavyotokea kwa watu wazima. Mimi nilibaki uani na begi mgongoni. Waliniambia nilitue. Nikasema halijanichosha, na ilikuwa kweli, lakini sababu ilikuwa nyingine. Nilijua nikilitua, safari imekwisha.

Baadaye Susu mwenyewe ndiye aliyelifungua. Akatoa blanketi akalitandika kwenye kitanda kilichokuwa kinamngoja, upande wa pili wa chumba cha dada yake. Alilinyoosha kwa kiganja, akakaa juu yake, akasema, "Sasa nimefika." Nikaona uso wake, nikaanza kutoa vitu vilivyobaki begini.

Nilipoondoka kesho yake alinitilia mbaazi mbichi ndani ya begi, akanivalisha. Begi lilikuwa limepungua uzito, kwa hivyo mikanda ilikuwa imelegea. Akaivuta, wa kulia kisha wa kushoto, pole pole, akikaza.

"Limekaa?"

"Limekaa, Susu."

"Milima haikutani, lakini watu hukutana. Nenda kazini."

Tulikutana tena mara chache tu, maana kazi na nauli havikuwa vikikubaliana, kisha Mungu akamchukua. Kalondu naye akamfuata. Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Leo tunaishi hapa Tassia, na begi ni lile lile. Linakwenda nami kazini na chakula cha mchana, linarudi na sukuma wiki. Vijana wa kanisa walipokwenda kupanda vilima vya Ngong, nami nikajitia miongoni mwao, lilibeba sweta na maji yangu. Ulipozaliwa lilibeba nepi zako, nami mikononi nilikubeba wewe. Limefuliwa mpaka kijani chake kimekuwa kama majani ya kiangazi. Zipu moja nimebadilisha. Mikanda sijaigusa. Ipo pale pale alipoivuta, na wakati mwingine, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji, napitisha kidole pale kwenye kifungo cha mkanda.

Basi, mwanangu, siku ukienda kujichagulia begi, usichague lililojaa magazeti. Mwambie muuzaji ayatoe, utie vitu vyako, utembee, uruke, uiname, na ukiona haya, ona haya lakini uiname vivyo hivyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji hatausikia begani mwake, utausikia wewe. Shika mikanda iwe mipana, vuta mshono wa juu, bonyeza sponji. Chukua linalotosha kwa kazi na kwa safari, lisiwe dogo la kukufanya uache cha lazima, wala kubwa la kukualika ubebe cha bure. Na lazima likuachie mikono, kwa sababu katika njia nyingi za dunia hii kuna mtu kando yako anayehitaji kushikwa.

Na akitaka kwenda yule unayempenda, usimfichie blanketi. Mpangie mzigo vizuri, umfikishe.

Mungu akupe mgongo usiochoka na njia isiyoteleza. Akupe watu wa kuwashika mkono, na asubuhi ya kuondoka, akupe mtu wa kukuvutia mikanda na kukuuliza kama limekaa. Amina.