Salamu Niliyoikataza Uwanjani

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Nizwa, Omani, nilikabidhiwa filimbi, mipira minne na ufunguo wa ghala, nikaambiwa nifundishe mchezo wowote niujuao. Mie nilijua raga tu, raga ya watu kumi na tatu. Tulipotoka Unguja nilifikia kaskazini ya Uingereza, nikaicheza misimu sita katika timu ya kiwanda cha nguo, mpaka goti likasema basi. Miaka ya sabini tulipofunguliwa mlango wa Omani, wenzangu walikuja na shahada zao. Mie nilikuja na goti bovu na mchezo wangu.

Nyie mnaojua mpira wa miguu tu, sikilizeni. Katika raga aliyeshika mpira huangushwa. Akishaanguka, aliyemwangusha lazima amwachie upesi, naye aliyeanguka ainuke, auweke mpira chini na kuusukuma nyuma kwa kisigino, mwenzake auchukue. Mkishaangushwa mara sita, mpira wa wenzenu. Na ukimng'ang'ania mtu aliye chini, refa anapiga filimbi, wenzenu wanaupiga mpira golini wanapata pointi za bure. Haya, ndo mchezo wenyewe.

Nizwa nilikaa miaka mitatu kwa raha zangu, kisha nikahamishiwa chuo cha ufundi Ibra. Uwanja ulikuwa changarawe tupu. Kila Alkhamisi mie na wanafunzi tukiokota mawe na kumwaga mchanga wa wadi, ule mto mkavu. Milingoti ya goli tuliiunga kwa mabomba ya maji, na gunia la kujifunzia kuangusha nililijaza nyuzi za mtende.

Mudir wa chuo alikuwa Mzanzibari mwenzangu, mtu wa kanzu isiyojua kunyanzi, na raga hakuipenda hata kidogo.

"Mwalimu, huu si mchezo, huu ugomvi wenye filimbi," alinambia. "Nakupa msimu mmoja. Nikiona fujo, naufuta, na weye utakwenda kukaa ghalani uhesabu majembe."

Wallahi niliogopa. Sikuwa na kazi nyingine niijuayo, na ule mchezo niliupenda kama mtoto wangu.

Basi shida yetu ilikuwa adabu. Watu wa huku hawawezi kukutana bila kuulizana khabari. Mchezaji wangu akimwangusha mtu wa timu ya mji wa Sur, humshika mkono, humpangusa vumbi, kisha huanza: "Mzee hajambo? Mama je? Mfereji wenu wa falaj una maji?" Na yule aliye chini anajibu moja moja, mpira kaukumbatia! Refa, mhandisi wa barabara wa Kiingereza, hakuelewa kinachozungumzwa. Yeye aliona mtu kazuiwa chini, akapiga filimbi. Mechi ya kwanza na Sur tulifungwa kwa adhabu tupu.

Nilipandwa na hasira. Nikawakusanya. "Kuanzia leo, mtu akianguka, mwachie ukimbie! Akikusemesha, kimya!"

Mmoja akauliza taratibu, "Hata salamu, Mwalimu?"

"Hata salamu!"

Mjinga mie, tena mjinga wa kutupwa.

Mechi ya marudiano ilikuwa kwetu Ibra. Nahodha wa Sur aliitwa Mbarak, fundi wa pampu za maji, mcheshi kweli. Akaangushwa, na palepale chini akasema, "Salaam aleikum, ndugu yangu." Mchezaji wangu akanitazama mie, akainuka kimya. Mbarak akarudia. Kimya. Akasimama, mpira akauacha chini.

"Mtu anatoa salamu haitikiwi? Sisi makafiri?"

Watu wakashikana mashati. Mudir aliingia uwanjani na bakora yake, akaniita ofisini.

"Imebaki mechi moja, kule Sur, na watu wameshaalikwa," alisema. "Nitakwenda mwenyewe. Mkono mmoja ukiinuka, Mwalimu, ghalani."

Sikungoja. Alkhamisi iliyofuata niliendesha gari mpaka Sur, nikaenda karakana ya Mbarak. Nikasimama mlangoni. "Salaam aleikum." Hakuna aliyeitika. Mbarak akaendelea kufuta parafujo kwa kitambaa. Nikarudia salamu, wapi! Baadaye akanitazama.

"Umeionja ladha yake?"

"Nimeionja. Kosa langu, si la yule kijana. Niwie radhi."

Akacheka. "Wa aleikum salaam. Nilishakuitikia kimoyomoyo, sitaki dhambi kwa ajili yako. Karibu kahawa."

Kwenye kahawa ile tulipatana: khabari zote ziulizwe na zimalizwe kabla ya filimbi ya kwanza. Ndani ya mchezo, salamu ijibiwe huku mtu anakimbia.

Siku ya mechi Mudir alikuja, akatazama saa yake. "Mbona hawaanzi?"

"Wanaulizana khabari, bwana."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ziishe."

Akaguna, akateremka mwenyewe kuwaharakisha. Mbarak akamsalimia kwa heshima, akamuuliza hali ya watu wa nyumbani, na Mudir, naye Uzanzibari wake wote asili yake ni huku huku, hakuweza kujizuia. Mara nikamsikia anauliza, "Mama yako mtoto wa nani? Bi Zuwena wa Jalan? Ebo! Bi Zuwena dada yake bibi yangu!" Wakashikana mikono, hawaachani. Refa akawa ananitazama mie, na mie natazama mbingu.

Tukacheza dakika zote bila mkono kuinuka. Tulifungwa vilevile, na safari hii kwa haki.

Njiani kurudi nikajikaza. "Mudir, ghalani nianze lini?"

"Ghalani kufanya nini? Nitaufuta vipi mchezo wa ndugu yangu? Nitasemwa mpaka Jalan!"

Nilifundisha Ibra, kisha Sur kwenyewe, mpaka mwisho wa miaka ya themanini nilipostaafu. Raga haikupata mrithi, na ile milingoti ya mabomba ikang'olewa. Nilisikitika, siwaongopei, lakini sikulia. Kombe sikuchukua hata moja. Ila tangu siku ile mechi zangu zote zilianza na robo saa ya kuchelewa, na sikumkemea tena mchezaji kwa kumuuliza mwenzake hali ya mama yake.