Mitufaha Kumi ya Shangazi

Shangazi yangu hana cheti hata cha chekechea, lakini kwa mitufaha, wenye vyeti wamsogelee kwa adabu. Nasema hivi kwa majivuno na siombi radhi.

Alipokuwa bi harusi alikula tufaha moja tamu, akazika mbegu zake kumi nyuma ya jiko. Akangoja miaka saba. Mti wa kwanza ukazaa matunda machachu ya kukunja uso. Wa pili ukatoa vitu vidogo kama ndimu. Wa tatu ulizaa ya njano, laini, yenye harufu ya kuita wageni. Yote kumi, hakuna uliofanana na mwenzake wala na tufaha lililoizaa. Mtoto wa nyoka ni nyoka, sawa, lakini methali hiyo haijapita kwa mitufaha.

Majirani walicheka. Yeye akaonja kila tunda na kuipa miti majina. Ule mchachu akauita Mama Mkwe, maana ulichoma ulimi lakini matunda yake yalikaa ghalani miezi mitano bila kuoza.

Kisha akaja bwana shamba. Soko linataka tufaha jekundu la aina moja, akasema, na gari la ushirika halitabeba jingine.

"Kata hii takataka, mama. Usipokata, tunakufuta ushirika."

"Mwanangu, hayo mekundu nitayapanda. Lakini hii kumi sikati."

Wakamfuta kweli. Majirani wakafyeka kila mti wao wa zamani. Mitufaha mipya ilipokua ikachanua, mashamba yakawa meupe pe. Maua yakapukutika, tunda hakuna. Mwaka wa pili vilevile. Bwana shamba akamwaga mbolea na dawa, wapi! Miti ya matufaha mekundu ya shangazi tu ndiyo iliyoinama kwa matunda, pamoja na mstari mmoja wa jirani uliopakana na ua wake.

Mkutano ulipoitwa, akaenda bila kualikwa.

"Tufaha halijichavushi, linataka chavua ya aina nyingine," aliwaambia. "Nyinyi mmejaza shamba zima ndugu wa tumbo moja, halafu mnangoja harusi!"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Lakini msimu uliofuata walikuja na ndoo. Shangazi akakata matawi yenye maua kutoka miti yake kumi, akayatia majini, akaamuru ndoo zipangwe katikati ya mistari yao. Nyuki wakamaliza kazi. Baada ya wiki chache vitufaha vilikuwa vimeshika kila tawi.

Bwana shamba alirudi na kisu kipya, wanaushirika wote nyuma yake.

"Shangazi," alisema, na hakuwa amewahi kumwita hivyo, "tufundishe kupandikiza matawi ya miti yako kwenye yetu. Tukate vikonyo vya mti upi?"

"Yote kumi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Machozi yalinitoka mbele za watu, na sikuyafuta.